Nimekula Kambare Mwezi wa Machi

Alhamisi, 1 Machi

Nimefika Florida! Toka Toledo nimeendesha pikapu peke yangu, nasimama kula na kujisaidia tu. Huko Georgia polisi alinikamata kwa mwendo kasi. Alipoona kofia yangu ya Kambare wa Toledo, yenye sharubu zake, akanitazama kwa huruma, akanirudishia leseni. Akasema mimi nimeshaadhibiwa vya kutosha. Sikumwelewa, lakini nilimshukuru.

Nimefikia kwa dada Geraldine hapa Port Lavelle, jirani kabisa na uwanja ambao Kambare, timu yetu ya besiboli, hufanyia mazoezi kila mwaka kabla ya msimu. Mumewe, Norbert, alinipokea mlangoni amevaa kofia ya mahasimu wetu, Nyuki wa Dayton. Ndani ya nyumba yake. Mbele ya mgeni. Akanikumbatia, akasema karibu shemeji, pole na msiba. Nikamuuliza msiba gani. Akasema wa msimu unaokuja.

Jioni nilimpigia Mama simu. Mama yuko nyumba ya wazee kule Toledo, ana miaka themanini na tisa na redio moja. Mara ya mwisho Kambare kutwaa ubingwa ilikuwa Oktoba ya mwaka 1963, na siku ile Mama alikuwa hospitalini anamzaa Geraldine. Hakusikia hata mpira mmoja. Mpaka leo hajamsamehe Geraldine sawasawa. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye, nikakuta sherehe imeshafagiliwa.

Mama amewatangazia madaktari kwamba hafi mpaka Kambare watwae ubingwa tena, yeye akisikia kwa masikio yake, halafu atakwenda zake kwa furaha. Daktari mmoja aliniambia pembeni kwamba kwa timu ile Mama atatuzika sote. Lakini leo sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Aliuliza: "Chet, mwaka huu ndio?" Nikamwambia Mama, mwaka huu ndio. Sasa nimeshasema. Lazima iwe.

Ijumaa, 2 Machi (mchana)

Tuna Anselmo Tavares! Ukiwa na Anselmo, huhitaji mtu mwingine. Mrushaji, mkono wa kushoto. Mpira wake mdakaji anausikia kwenye glavu kabla hajauona. Leo wapigaji walikuwa wanakuja na gongo, wanapunga hewa, wanarudi kukaa. Kama watu wanaofukuza nzi.

Mimi pia nilirusha hivyo ujanani. Mpira wangu mmoja ulitoboa mlango wa gereji, ukatoboa na gari la Baba lililokuwa ndani, ukaenda kumwamsha mtu mtaa wa pili. Ni goti tu lilinizuia. Haya nilimhadithia Bi. Opal, mama mtu mzima anayeonyesha watu viti hapo uwanjani. Akasema mwaka jana nilimwambia ni bega. Nikasema lilianza bega, likashuka.

Ijumaa, 2 Machi (usiku)

Nimekwisha.

Lakini niandike. Kwaresima hii, kila Ijumaa parokia ya Geraldine wanakaanga samaki ukumbini. Watu wote wa kaskazini waliokimbia baridi wako pale. Norbert anajitolea jikoni, amevaa aproni, anajiona padri mdogo.

Sasa. Sisi watu wa Kambare tuna sheria yetu, hata mtoto wa kunyonya anaijua. Toka siku ya kwanza ya mazoezi mpaka mechi ya mwisho ya msimu, hatuli kambare. Sangara, kula. Sato, kula. Kambare ni mwiko. Baba alinifundisha sheria hiyo kabla ya ishara ya msalaba. Mwaka 1987 jirani yetu mmoja alilamba tu kidole chenye mafuta ya kambare, na wiki ileile wachezaji wetu watatu wakavunjika mguu. Mguu uleule! Wa kulia!

Leo nilikula vipande vinne. Nyama nyeupe, ganda linalia kwenye meno, kachumbari ya kabichi pembeni. Nikasifu. Nikamwita Norbert nje ya jikoni nimsifie mbele za watu, mimi, kwa mdomo wangu. Nikamwambia shemeji, huyu sangara ni wa peponi.

Alisubiri nifute sahani kwa mkate. Alisubiri nilambe na uma. Ndipo akaniinamia sikioni akaniuliza eti kati ya vile vipande, ni kipi kilikuwa mdakaji wenu na kipi kilikuwa kocha, maana yeye kama mpishi alishindwa kuwatofautisha.

Ukumbi mzima ulicheka. Bibi mmoja wa Dayton alicheka mpaka meno yakamtoka, akayashika hewani kwa ustadi kuliko mchezaji wetu yeyote.

Simu ya Mama ililia. Nikamwambia Anselmo amewaua wote. Ukweli mtupu. Akauliza nimekula nini. Nikasema viazi.

Jumamosi, 3 Machi

Nimekwenda kuungama. Nikamwambia padri nimekula kambare. Akasema Ijumaa samaki anaruhusiwa. Nikasema si samaki, ni kambare. Akauliza kama kuna dhambi nyingine ambayo ningependa kuisema badala ya hiyo. Nikasema hakuna, mimi mengine naishi vizuri. Alikohoa muda mrefu nyuma ya pazia. Akanipa Salamu Maria tatu. Tatu! Kwa timu nzima!

Hazikutosha. Mchana tumefungwa kumi na nne kwa mbili. Geraldine akasema eti nisijali, mechi hizi za mazoezi hazihesabiwi popote, na hata hivyo wakubwa wote walipumzishwa, waliocheza ni vijana wenye namba za tisini mgongoni ambao mwezi ujao watakuwa wanarudi makwao. Wanawake ndivyo wanavyofariji. Mimi niliona kwa macho yangu. Mpira mmoja uliruka juu, polepole, ukashuka kati ya wachezaji watatu, kila mmoja akamwachia mwenzake kwa heshima. Hayo ni mambo ya namba za mgongoni? Hayo ni mambo ya tumbo langu.

Mama nimemwambia tulishinda kidogo.

Akarudia: "Kidogo?"

Nikamwambia kidogo sana.

Jumatatu, 5 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri. Shule mimi sikumaliza, walimu walichoka mapema, lakini kichwa ninacho. Nimefikiri hivi: uhai niliouchukua, niurudishe. Nikimwachia huru kambare mmoja mzima, hesabu inasawazika.

Asubuhi nikaenda soko la samaki. Muuzaji akauliza nimtoe matumbo? Nikashika moyo. Nikamwambia namtaka vilevile alivyo, na mdomo wake na sharubu zake. Nikamweka kwenye ndoo, ndoo nikaifunga mkanda kiti cha mbele. Njiani nilimpa jina la Anselmo. Tulizungumza.

Geraldine akang'ang'ania kuja kushuhudia. Norbert naye akaja, na kiti cha kukunja na bia, kama anakwenda kwenye sinema. Tukafika kwenye mfereji nyuma ya uwanja wa gofu. Nikavua kofia. Nikasema maneno machache, mazuri, nimesahau yalivyokwenda, ila Geraldine alifuta jicho. Nikainamisha ndoo. Anselmo akateleza majini, akageuka, nadhani alinitazama.

Mamba akatoka.

Sijui alikuwa wapi. Lilikuwa gogo, mara gogo likafungua mdomo. Klap! Halafu maji yakatulia kama hakuna aliyewahi kuishi humo.

Norbert alisimama akapiga makofi. Geraldine akasema kwa upole: "Kaka, sasa ni wawili."

Hapo ndipo nilipojua maana ya machozi ya samaki kwenda na maji. Na ndoo nayo ilikwenda.

Jumatano, 7 Machi

Nimeona mwisho wa dunia kutoka kiti cha nyuma ya nguzo.

Leo tulicheza na Nyuki. Norbert alikaa kulia kwangu, rangi njano na nyeusi kuanzia soksi. Anselmo akapanda kwenye kilima chake katikati ya uwanja. Nikakunja vidole vyote kuomba bahati. Akarusha.

Mungu wangu. Mpira ulikwenda polepole! Ulikwenda kama bibi kizee anayepanda ngazi za kanisa, anapumzika katikati, anasalimia watu. Mpigaji wa Nyuki alikuwa na nafasi ya kufikiria watoto wake. Halafu akaupiga mpaka kwenye maegesho ya magari. Nilijiambia ni bahati. Wa pili ukawa vilevile. Wa tatu vilevile! Kila mpira polepole, kila mpira unapigwa. Norbert aliacha kushangilia, akaanza kuniuliza kwa huruma kama huyo ndiye yule niliyemsimulia au ni baba yake.

Niligeuza kofia ndani nje, kama inavyotakiwa timu ikizidiwa. Nikawashawishi watu wa mstari wetu wote wageuze. Wakapiga tena. Tisa bila. Nilisimama kwenye kiti nikamwambia Anselmo kwa sauti ya juu kwamba kosa si lake, kosa ni langu, nimemla, anisamehe. Bi. Opal akaja akaniambia: "Baba, kaa chini, kuna watoto hapa." Nikamwambia hao watoto ndio ninaowalilia.

Na jambo la kutisha kuliko yote: kocha alipomtoa, Anselmo alikuwa anacheka! Anatoka amefungwa tisa, anacheka na mdakaji, wanaonyeshana vidole jinsi mpira unavyoshikwa. Mkono umekufa, na akili nayo imefuata. Kijana mzuri vile.

Mama alipiga mwenyewe, hakungoja. Akauliza Anselmo vipi leo. Nikamwambia umeme mtupu, Mama. Akauliza walimpiga mingapi. Nikasema hakuna hata mmoja. Mama akasema: "Aa." Halafu akakohoa kikohozi ambacho sikukipenda hata kidogo.

Hatuna muda.

Alhamisi, 8 Machi

Dawa nilikuwa nayo siku zote! Kwenye pikapu, chini ya kiti. Mafuta ya Baba. Mafuta ya bata bukini, kafuri, haradali, na pilipili nyekundu ya kusaga, siri ya ukoo wetu toka ng'ambo. Baba alimpaka farasi wa muuza maziwa aliyekuwa amelala chini siku mbili. Farasi aliinuka. Waliokuwepo wanasema hajaonekana tena Ohio.

Shida ni moja: nitampakaje? Asubuhi kabla ya mazoezi wachezaji hupita kwenye uzio, wanawatilia watu sahihi kwenye mipira. Huwezi kumshika mtu mkono ukaanza kumkanda, walinzi hawana ubinadamu. Basi nikapata wazo, nikakaa nalo kwenye pikapu nikilicheka peke yangu. Nikaupaka mpira! Ataushika kwa mkono wa kushoto, mkono wa kazi, wakati wa kulia unaandika. Mafuta yataingia yenyewe kwenye ngozi, yapande mpaka kiwiko. Mafuta ya Baba hupanda.

Nilifika wa kwanza uzioni. Anselmo akaja. Kijana wa adabu, akaniita mzee wangu, akauliza nataka aandike jina gani. Nikasema aandike Mama. Akaushika mpira. Kwa mkono wa kushoto! Akashangaa kidogo, akasema una utelezi. Nikamwambia ni heshima. Akaandika. Akanirudishia. Moyo wangu uliimba.

Halafu jua likampiga usoni, jasho likateremka, na Anselmo Tavares akajifuta jicho.

Sitaandika ukelele wake. Alizunguka mara mbili akaangukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na kichwa chake kikaingia humo, jambo lililomsaidia kwa kweli. Walikuja madaktari, makocha, na mtu mwenye suti. Bi. Opal akaunusa mpira. Akanitazama, akanitazama tena. Akasema: "Baba, hebu niambie leo ukweli wako. Wewe ni shabiki wa timu gani? Maana Nyuki wenyewe hawajawahi kutufanyia hivi."

Nimefukuzwa uwanjani. Kitambulisho changu kimepigwa picha. Wamesema jicho litapona, mkono hauna tatizo lolote. Ndiyo, watasema hivyo. Wakisema mkono umekufa nani atanunua tiketi?

Mpira umebaki kwangu. Unanukia Baba.

Ijumaa, 9 Machi

Leo nimetazama mazoezi nikiwa juu ya paa la pikapu, nje ya ukuta wa nyuma. Anselmo hakuonekana. Niliwaona vijana wa namba za tisini wakikimbia duara. Nikalia kidogo. Ndege mmoja mkubwa mwenye mfuko mdomoni alitua kwenye boneti akanitazama mpaka nikanyamaza.

Ukumbini jioni nilikula mkate mkavu. Norbert akaniletea sahani, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni sangara. Mama yake yu hai, yuko Sandusky, Jumanne alipiga simu. Nikamrudishia. Akasema sawa shemeji, ila nijue kwamba wiki iliyopita mimi niliyeapa kumtambua kambare kwa harufu nikiwa nimefumba macho, nilimla nimeyafumbua.

Hiyo ndiyo inaniuma kupita yote.

Nimempigia Mama. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Muuguzi akasema Mama amesema hataki kuongea na mtu mwongo, na amesema nitajua mwenyewe. Niliwaza labda ameanza kuchanganyikiwa. Geraldine akasema: "Chet, Mama ana redio." Ndiyo, najua ana redio, nilimnunulia mimi. Akasema jana mtangazaji alieleza habari ya mzee mmoja mwenye kofia ya sharubu za kambare aliyempaka mchezaji pilipili.

Nikamuuliza walitaja jina?

Geraldine akasema havai mwingine kofia ile, dunia nzima.

Jumapili, 11 Machi

Mama bado. Nimepiga mara nyingi. Muuguzi sasa ananiita kwa jina. Anasema Mama anakula, anakohoa, anasikiliza redio, hasemi kitu. Usiku nimelala na wazo moja tu: mwanamke huyu ameshika roho yake kwa meno miaka yote akiwasubiri Kambare, na mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, nimeila timu yake na kachumbari. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilianza kula kwanza, ndipo janga likafuata.

Geraldine amefungasha vitu vyangu nusu. Anasema ni kwa ajili ya kufua.

Jumatatu, 12 Machi (mchana)

Anselmo amerudi! Jicho lake jekundu kama taa ya breki, lakini yumo. Mimi nje ya ukuta, juu ya paa, redio ya pikapu imefunguliwa.

Sielewi. Anarusha umeme, wapigaji wanapunga hewa. Halafu ghafla anarusha ule wa polepole, bibi kizee wa ngazi, na wanapunga kabla haujafika! Mmoja alipunga, akazunguka, akakaa chini, na mpira bado uko njiani. Hakuna aliyeugusa. Hakuna! Nilicheza juu ya pikapu mpaka paa likabonyea. Mafuta ya Baba! Yamepanda mpaka kiwiko! Nilipiga kelele ukutani wamjue aliyemponya, hadi Bi. Opal akachungulia juu ya ukuta, akatikisa kichwa, akashuka.

Jumatatu, 12 Machi (jioni)

Mama amepokea simu.

Sauti nzito, nzima, sauti ya kunichapa. Akaanza na pilipili. Dakika nyingi. Nilikaa kitini kama mtoto wa darasa la tatu, na Norbert pembeni akisikiliza kila neno, anakula karanga.

Kisha akasema mimi ni mjinga. Akasema Jumatano kijana alikuwa anajifunza mpira mpya, ule wa polepole. Kocha alimwamuru arushe huo tu siku nzima, wapige wanavyotaka, mkono uuzoee. Ndiyo kazi ya mazoezi, ndiyo sababu hazihesabiwi. Mtangazaji alilieleza jambo hilo kabla hata ya mpira wa kwanza. Kila mtu alijua, hata yule wa chumba jirani asiyejua jina lake.

Nikamwambia Mama, hujui lote. Nikamwaga yote. Nikaungama kambare, vipande vinne, ganda, kachumbari. Nikalia. Nikamwambia nimekuua, Mama.

Mama akacheka. Alicheka mpaka nikasikia muuguzi akiingia kumtazama. Akasema: "Mwanangu, kambare? Mimi nimekula kambare kila Ijumaa toka nimeolewa." Nikashika meza. Akasema ndiye samaki anayempenda kuliko wote, na Baba alikuwa anakula naye, sahani mbili, anajilamba, kwa sababu alimwambia ni sangara. Mpaka anazikwa alijua ni sangara. Hata pale nyumba ya wazee, Ijumaa iliyopita alikula, na ile ya kabla yake. Akasema kama kweli kungekuwa na laana ndani ya samaki, wangeshakufa wote zamani, kwa hiyo niache upuuzi, niwaombe radhi watu wa uwanja, nirudi nyumbani.

Kitu kilikuwa kinanipanda kichwani taratibu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo: kila Ijumaa, Mama? Kila mwaka? Bila kukosa hata mwaka mmoja?

Akafikiri. Akasema labda ule mwaka wa mimba ya Geraldine. Harufu ya samaki ilikuwa inamtapisha, hakuna aliyeingiza samaki nyumbani, toka theluji mpaka Oktoba alipojifungua. Walikula viazi na mayai.

Toka theluji mpaka Oktoba. Mwaka 1963.

Norbert aliacha kutafuna.

Nikauliza: na mimba yangu, Mama?

Akasema: "Wewe? Wewe ulinitia hamu ya kambare asubuhi na jioni. Mpaka kwenye mkate."

Mwaka ule Kambare walishika mkia. Wa mwisho kabisa. Baba hakuacha kuusimulia.

Mama akasema unaona sasa, mwanangu? Nikamwambia naona, Mama. Naona vizuri sana. Tukaagana kwa upendo. Akasema mwaka huu anahisi ndio.

Jumanne, 13 Machi

Siku nzuri. Nimeamka mwepesi. Miaka hamsini na mitano watu wamewalaumu makocha, wamewalaumu wachezaji, wamelaumu upepo wa ziwa, na kumbe jawabu lilikuwa kwenye kikaango cha Mama. Hakuna profesa aliyeliona. Nimeliona mimi, na shule yangu ile ile.

Nimempigia mpishi wa nyumba ya wazee kabla ya kifungua kinywa. Nimemweleza kwamba Mama ana maradhi ya ngozi ya siri, akila kambare anavimba, ila ana aibu kusema, na atabisha. Mpishi ameshukuru sana. Kuanzia Ijumaa hii ni viazi na mayai mpaka Oktoba. Nimemwambia Geraldine. Ameingia chumbani amefunga mlango. Norbert yeye amekuwa mpole ghafla, ameniuliza mara mbili kama Nyuki nao wana chakula chao cha mwiko, labda asali. Sikumjibu. Ateseke.

Sasa limebaki jambo moja dogo. Mwaka huu tunatwaa ubingwa, hilo limekwisha. Lakini Mama ameahidi kwamba akiusikia tu, anakwenda. Na Mama ni mtu wa kutimiza ahadi.

Nimeshalipanga. Siku ya mwisho, mwezi wa Oktoba, nitampigia mapema nimwambie tumefungwa vibaya, tisa bila.

Betri za redio nitazitoa Jumapili moja kabla. Leo nimenunua bisibisi.